Solfa Kwanza, Mistari Baadaye: Nilivyojiandaa Kusoma Muziki Nikiwa Masasi

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Shikamoo mwalimu. Nataka kwenda kusoma muziki, nianzie wapi?" Wengi wanaouliza ni wanakwaya wa huku kwetu Kusini: Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi mjini, wengine wa Mtwara mjini kabisa. Na karibu kila mmoja hujitetea kabla sijamuuliza chochote: ila mwalimu, nota za mistari sizijui, najua solfa tu, ile ya kuandika wimbo kwa herufi za do, re, mi. Huwa nawajibu kwa mistari miwili mitatu kisha mazoezi ya kwaya yananiita. Safari hii nimekaa chini nijibu kwa kirefu.

Msimamo wangu ni huu. Mtu aliyeimba sauti nne kwa solfa kwa miaka, tena akakulia mahali ambapo ngoma inasikika kila msimu wa jando, ameshabeba sehemu kubwa ya nadharia ya muziki kichwani na mwilini. Kilichobaki ni kuihamishia kwenye karatasi. Wanaochelewa ni wale wanaokariri majina ya mistari na alama kabla ya kuimba chochote. Nimewafundisha wa aina zote mbili, na mara zote mwanakwaya anapita mbele, hata kama mwanzoni anatetemeka.

Mimi nilikuwa sauti ya pili katika kwaya ya parokia Masasi. Kuimba kanisani huku hakukuanza jana. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, watawa Wakatoliki wa Benedikto wakafungua kituo Ndanda mwaka 1906, na hadi leo ukipita barabara ya Masasi kwenda Lindi Jumamosi jioni, kila kanisa lina kwaya iko mazoezini. Shuleni kwetu somo la muziki halikuwapo. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na kitu kimoja mkononi: faili la plastiki lililojaa karatasi za nyimbo zilizodurufiwa mpaka herufi zikafifia.

Aliyenivusha alikuwa mwalimu wetu wa kwaya, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilipomwambia nia yangu hakunipa hotuba.

"Unataka kusoma muziki wa juu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi kesho uje na kauntabuku, rula na penseli. Kalamu ya wino usije nayo."

Kesho yake alinichoresha mistari mitano, ukurasa mzima, mistari mitano mitano, kwa rula. Karatasi za muziki zilizochapwa hazikupatikana mjini na hata zingepatikana asingeninunulia, maana aliamini mkono unaochora mistari unajifunza kitu. Nilimuona mkorofi. Siku hizi nina wanafunzi wanaochapa nota kwa MuseScore, programu ya bure na nzuri sana, na bado nawachoresha kwanza. Kompyuta inakusahihishia vitu vingi kimyakimya: inajaza vipimo, inapanga mikia ya nota, inaweka mapumziko. Kwenye chumba cha mtihani mwenye kupanga ni wewe.

Baada ya mistari nilitarajia aniambie huu ni E, huu ni G. Hakusema. Aliweka duara moja kwenye mstari wa pili kutoka chini akasema, "Hii ni do. Mi iko wapi?" Nikahesabu: re kwenye nafasi, mi kwenye mstari unaofuata. "So?" Mstari wa juu yake. "Umeona? Do ikikaa kwenye mstari, mi na so nazo ziko kwenye mistari. Sasa ihamishie do kwenye nafasi." Nikaihamisha, na mi na so zikahamia kwenye nafasi. Halafu akanionyesha kwamba do ya juu haikai kama do ya chini: ya chini ikiwa kwenye mstari, ya juu iko kwenye nafasi. Ilipofika jioni nilikuwa nasoma nyimbo fupi kwenye mistari mitano bila kujua jina la nota hata moja. Nilikuwa naimba solfa ileile, ila kwa umbo badala ya herufi.

Kwa asiyejua historia yake, solfa haikuwahi kuwa muziki wa daraja la pili. Mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliibuni katika karne ya 19, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuisambaza ili watoto wa shule na waumini wa kawaida waweze kusoma wimbo bila chombo. Ukurasa wake una akili nyingi. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, mstari wima unaonyesha pigo zito, kistari kinaamuru sauti iendelee, nukta moja inalipasua pigo nusu kwa nusu. Aliyezoea kusoma hivyo anajua tayari pigo zito na jepesi, jambo ambalo watu hulipia fedha kufundishwa.

Majina ya nota yalikuja wiki zilizofuata, pamoja na ufunguo wa G na ufunguo wa F, alama za mwanzo wa mistari zinazoonyesha G au F inakaa wapi, na hapo solfa ikalipa tena. Watu huhangaika kukariri ni shapu ngapi (alama za kupandisha nota nusu toni; flati huishusha) ziko kwenye skeli gani, yaani ngazi ya nota kutoka do hadi do. Mwanakwaya hahitaji. Shapu ya mwisho kuandikwa upande wa kushoto wa wimbo ndiyo ti. Ukiona shapu mbili, F na C, basi C shapu ni ti, panda nusu toni, do ni D. Kwenye flati, ya mwisho ndiyo fa. Ukiona B flati na E flati, E flati ni fa, shuka mi, re, do, umefika B flati. Mpangilio wa shapu zenyewe, F C G D A E B, tuliukariri kwa sentensi ya kipuuzi tuliyoitunga sisi wenyewe: Fatuma Chukua Gari, Dada Asha Endesha Basi. Flati ni sentensi hiyohiyo kinyumenyume, Basi mpaka Fatuma. Nimekutana na watu wenye shahada ambao bado wanahesabu kwa vidole. Mimi Fatuma wangu ananitosha.

Skeli ndogo, ile ya huzuni, tuliisoma kipindi cha Kwaresima kwa sababu ndipo kwaya yetu ilipoimba nyimbo za namna hiyo. Unaanzia la badala ya do, basi. Ukiwa na wimbo wa do ni G, la yake ni E, kwa hiyo skeli ndogo inayoshirikiana nayo ni ya E. Kinachoongezeka ni ile so inayopandishwa nusu toni kuwa se ili iisukume la, yaani D inageuka D shapu. Kutoka fa kwenda se kunazaliwa ruka la toni moja na nusu ambalo wengi huliimba chini ya pale linapotakiwa. Rafiki yangu wa Mikindani, aliyekulia kwenye kaswida, alilipiga sawasawa mara ya kwanza. "Mbona hiyo tunaimba toka madrasa," akasema, na kweli, ruka la namna hiyo limo ndani ya makamu ya hijazi, mojawapo ya skeli za muziki wa Kiarabu. Tangu siku hiyo, kila nikipata mwanafunzi aliyetoka kwenye kaswida au taarabu, namkabidhi zoezi hilo awafundishe wenzake.

Mahali ambapo solfa ilinichelewesha ni mapigo ya 6/8, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu karibu wote wanaonijia wanajikwaa papo hapo. Solfa huandika kipimo hicho kama mapigo sita, mepesi na mazito, na unayahesabu yote. Kwenye mistari mitano unatakiwa usikie mapigo makubwa mawili, kila moja limebeba kwava tatu, zile nota fupi zenye mkia mmoja. Halafu kuna 3/4, ambayo nayo ina kwava sita, ila zimegawanyika mbili mbili mara tatu. Idadi ni ileile, muziki ni mwingine. Mtihani unapenda sana kukuletea kwava sita zilizotawanyika na kukuambia uziunganishe mikia kulingana na kipimo. Asiyesikia tofauti atabahatisha.

Mwalimu alijaribu kunielekeza ubaoni, ikashindikana. Akanituma kwa mjomba wangu mpiga ngoma. Mjomba alikuwa na chinganga, ile ngoma ndogo ya Kimakonde yenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, inayopigwa kwa fito mbili nyembamba. Hakujua chochote kuhusu kwava. Akaniambia nipige mguu chini taratibu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na mikono ipige mara tatu kwa kila mguu. Hiyo ikakaa. Halafu akasema, "Sasa miguu iache vilevile, mikono usiifuate miguu," na mwenyewe akaanza kupiga mara tatu tu katika muda ambao miguu yangu ilikwenda mara mbili. Mbili dhidi ya tatu. Kwa mtoto wa Kimakonde aliyecheza sindimba hilo si geni, ila sikuwahi kulitazama likiwa limesimama peke yake. Nikarudi kwa mwalimu, nikachora: juu 3/4, chini 6/8, kwava zilezile sita. Nikaona kwa macho nilichokuwa nakipiga kwa mikono. Wanamuziki wa Ulaya wana jina lao la Kigiriki la mchezo huo, hemiola, na wanaufundisha kama jambo la ufundi mkubwa. Huku unachezwa uwanjani na watoto wanaangalia.

Kuanzia hapo sikuwahi kusoma mdundo wowote kwa macho peke yake. Mguu kwanza, mkono pili, penseli mwisho. Hata vipimo vya mapigo matano au saba, ambavyo kwenye nyimbo zetu za kanisa havipo kabisa, nilivishika kwa kuvitembea uani: mbili na tatu, tatu na mbili, majirani wakishangaa.

Jambo lingine ambalo vitabu vya Kiingereza haviwezi kukusaidia ni kuweka maneno ya Kiswahili kwenye nota, nalo ni kubwa ukifika kwenye utunzi. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Maana yake karibu kila mstari wa wimbo wa Kiswahili unaishia na silabi nyepesi baada ya nzito. Chukua "tunakushukuru". Nzito ni "ku" ya pili. Hiyo ndiyo inayotakiwa kukaa baada ya mstari wima, kwenye pigo zito, na "ru" ianguke kwenye pigo jepesi. Kwa hiyo "tunakushu" yote inajipanga kabla ya mstari, kama mtu anayechukua mbio kabla ya kuruka mtaro. Ukiiweka "tu" kwenye pigo zito la kwanza la wimbo wa mapigo matatu bila kuhesabu, silabi moja kila pigo, mkazo unaangukia "shu", na kwaya itaimba neno ambalo hakuna Mswahili anayelitamka hivyo. Nyimbo nyingi za zamani zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zina ugonjwa huo, tumeuzoea tu. Mimi nilifanya zoezi la kusema maneno kwa sauti huku napiga meza, kisha naandika mapigo bila tuni yoyote, kisha tuni ndiyo inafuata. Mpaka leo natunga hivyo.

Nilihitaji pia kipimo cha kujua nimefika wapi, maana kusoma bila darasa ni rahisi kujidanganya. Nikachukua mtaala wa nadharia wa ABRSM, bodi ya mitihani ya London iliyoanzishwa mwaka 1889. Ina gredi 8, na ili ufanye mtihani wa chombo wa gredi ya 6 hadi ya 8 unatakiwa kwanza uwe umefaulu nadharia ya gredi ya 5 au kitu kinacholingana nayo. Shule nyingi za Uingereza zinazofundisha muziki wa A-level nazo hupenda mwanafunzi awe maeneo hayo ya gredi ya 5 anapoanza. Sikuwa na nia ya kwenda Uingereza. Nilipenda kwamba orodha yao iko wazi: skeli hadi shapu sita na flati sita, ufunguo wa tena (sauti ya tatu, tenor), vipimo visivyo vya kawaida, kuhamisha wimbo kutoka skeli moja kwenda nyingine, kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) na miishio, istilahi za Kiitaliano, vyombo vya okestra. Nikaibandika ukutani nikawa natia alama.

Istilahi za Kiitaliano ni za kukariri tu, sina la kuongeza. Vyombo vya okestra vilinipa shida kwa sababu sikuwahi kuviona; nilisikiliza rekodi kwa simu. Msaada mkubwa ukawa zumari ya pwani. Ukijua kwamba sauti ya zumari inatoka kwenye mwanzi wa midomo miwili, umeshaelewa familia ya obo na fagoti, na sauti yake ile ya puani hutaichanganya na filimbi tena.

Kuhamisha wimbo nako nilifundishwa na matarumbeta ya harusi. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: mpigaji akisoma C, masikio yanasikia B flati, toni nzima chini. Kwa hiyo kinanda kikiwa F, mwenye tarumbeta anapiga akiwa G. Tulikuwa na vijana wa bendi waliokuja kusindikiza sherehe za kanisa, na kila mara kabla ya ibada kulikuwa na mzozo uleule: "Mko wapi?" "Tuko F." "Basi sisi G." Wenyewe walijua kwa mazoea. Mimi nikakaa nao na daftari nikaandika sehemu yao, nota kwa nota, toni nzima juu pamoja na shapu zake. Baada ya nyimbo chache swali la kuhamisha kwenye mtihani lilikuwa mteremko.

Na hapo nitie neno kuhusu kile kitufe cha kinanda cha kuhamisha skeli. Wapiga kinanda wetu hodari kabisa, wanaowatoa watu machozi Jumapili, wanapiga kila kitu kwenye C na kitufe kinafanya kazi iliyobaki. Kwa ibada siwezi kuwalaumu, kwaya ikishuka unaifuata. Lakini anayekwenda kusoma muziki akifika hajawahi kuweka vidole kwenye E flati atakaa na maprofesa wawili wakimtazama mikono. Mwalimu wangu alikibandika kile kitufe kwa plasta.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha parokia, na ufunguo wa kabati alikuwa nao katibu wa kwaya. Kipindi kizuri cha mazoezi kilikuwa msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, wanakwaya nusu wako mashambani wanaokota, mazoezi yanalegea na kinanda kiko huru mchana kutwa. Niliomba ruhusa nikaipata kwa sharti la kufagia. Umeme ukikatika nilihamia kwenye boksi la sabuni nililochora vibao vyeupe na vyeusi kwa ukubwa uleule, nikawa nabonyeza huku naimba. Linachekesha, ila linakulazimisha kusikia kichwani kabla ya kidole kushuka, na masikio ya ndani ndiyo wanayopima kwenye usaili.

Namna ya kufanya mazoezi nayo niliitoa kwenye kwaya. Hakuna kwaya inayojifunza wimbo kwa kuuimba wote tangu mwanzo kila mara; tunachukua mstari, sauti moja moja, polepole, kisha tunaunganisha. Kwenye kinanda nilifanya vivyo hivyo: mkono wa kushoto peke yake nikiimba wa kulia, halafu kinyume chake, vipimo viwili tu mpaka vitulie. Ninaowafundisha hawapendi. Wanataka kupiga wimbo mzima, wakosee palepale, warudie mwanzo, wakosee palepale tena.

Sasa sauti nne. Hapa ndipo nadharia inapokuwa tamu, na hapa ndipo mwanakwaya anapowaacha wenzake. Kwenye solfa sauti zimepangwa juu kwa chini, mistari minne ya herufi. Kwenye nota za mistari zinabanwa kwenye mistari mitano miwili: soprano na alto juu kwa ufunguo wa G, soprano mikia inatazama juu, alto inatazama chini, tena na besi chini kwa ufunguo wa F, vivyo hivyo. Nilinakili faili langu lote la nyimbo kwa mtindo huo. Kazi ya kuchosha, lakini ilipoisha nilikuwa nimeona kwa macho kodi ambazo nilikuwa nasikia tangu utotoni. Amina ya polepole inayofunga tenzi ni kodi ya fa kwenda kodi ya do. Mwisho wa nguvu wa karibu kila kiitikio ni kodi ya so kwenda do.

Iangalie hiyo ya pili kwa karibu. Besi anashika so anatua do. Tena ana re, anapanda mi. Soprano ana ti, anapanda do. Alto ana so, anabaki so. Wanawake wa sauti ya pili mtanielewa: miaka yote tulikuwa tunalalamika kwamba mtunzi anatudharau, anatupa nota moja ukurasa mzima. Kumbe so ndiyo nota pekee iliyomo ndani ya kodi zote mbili, na anayeishika ndiye anayezifunga pamoja wakati wengine watatu wanahama. Nilipoligundua hilo nilikwenda kuwaambia wenzangu mazoezini. Hawakufurahi kiasi hicho.

Halafu inakuja sheria inayowakera wote: sauti mbili zisitembee pamoja zikiwa zimeachana kwinti kamili (kama do hadi so) au oktava (do hadi do ya juu). Besi do na tena so, wakipanda pamoja kwenda re na la, mwalimu anapiga mstari mwekundu. Kijana mmoja wa Newala aliniuliza kwa hasira mbona nyimbo za bibi yake sauti zinatembea bega kwa bega namna hiyo na zinapendeza. Swali lake ni halali. Sheria hiyo ni ya mtindo mmoja, wa Ulaya, ambao mfano wake mkuu ni nyimbo za kanisa za sauti nne alizozipanga Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750. Mtindo huo unataka kila sauti iwe na safari yake, na kwinti sambamba zinaziunganisha sauti mbili zikawa kama moja. Nyimbo za bibi zinataka kitu kingine. Namwambia mwanafunzi: kwenye karatasi yao andika Kibach, kwenye utunzi wako andika unachosikia, na ujue wakati wote uko kwenye nyumba ya nani. Kuna walimu wanaofundisha sheria hii kana kwamba ni maumbile ya sauti. Wanawafanya watoto waone haya kwa masikio waliyozaliwa nayo, na hilo silisamehi.

Kuhusu kusikiliza na kuandika: kila jioni nilichukua wimbo mmoja kwenye simu, kipande kifupi, nikaandika besi kwanza kwa solfa, kisha sauti ya juu, kisha nikahamishia kwenye mistari. Wengi huanza na sauti ya juu kwa sababu ndiyo inayosikika. Ukiipata besi, kodi zimejitaja zenyewe, na sauti za kati unaweza kuzikisia kwa mantiki kisha ukahakikisha kwa sikio.

Mahali pa kwenda ni swali linalofuata, na jibu linategemea unataka nini. Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na pale muziki uko jirani na ngoma, maigizo na sanaa za ufundi. Anayetaka jukwaa atapapenda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki kwa ngazi ya shahada, na Makumira, chuo kikuu cha Kilutheri kule Arusha, vilevile, ambako mwanakwaya atajisikia nyumbani. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanza mwaka 2002, na kama moyo wako uko kwenye taarabu, udi, kanuni na vyombo vya namna hiyo, vuka maji. Kabla hujajaza fomu yoyote waulize wenyewe: usaili wenu unataka chombo au sauti, mnapima kusoma papo kwa papo, mnataka nadharia ya kiwango gani. Nimeona watoto wakitumia nauli ya basi kutoka Mtwara kwenda usaili ambao hawakujua unahusu nini.

Usaili wangu mimi, kwa wanaotaka kujua, ulikuwa na sehemu niliyoiogopa zaidi: karatasi ambayo sijawahi kuiona, niimbe papo hapo. Nikatafuta shapu ya mwisho, nikaipata ti, nikapanda do, nikaimba kwa solfa kuanzia kipimo cha kwanza. Mmoja wa walimu akaniuliza nani alinifundisha kusoma. Nikamwambia mwalimu wa kwaya, Masasi. Akaandika kitu, akanipa karatasi nyingine, safari hii iko kwenye 6/8, na mguu wangu ukaanza wenyewe chini ya meza.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia juzi kutoka Nachingwea: usinunue kitu chochote zaidi ya kauntabuku, rula, penseli na kifutio. Chukua wimbo unaoujua mpaka usingizini, ule wenye do ni G au do ni F, uhamishie kwenye mistari mitano sauti ya pili kwanza kisha besi, na ukimaliza uimbe kutoka kwenye karatasi yako bila kutazama ya solfa. Piga picha unitumie. Ufunguo wa tena uache kwanza, utaukuta mbele. C ya kati iko kwenye mstari wa nne, na ukiona nachelewa kukujibu maswali yake, ujue na mimi nahesabu.